Volyumu ya gitaa, busta au ikwalaiza: utumie nini solo yako isikike kwenye bendi?

Nyumbani gitaa linalia unavyotaka. Chini lina unene, juu linameta, na ukivuta uzi noti inabaki hewani mpaka uichoke mwenyewe. Ukifika mazoezini, ngoma zikashika kasi, besi ikaingia, mpiga kinanda akazilaza kodi zake kwa mikono yote miwili, solo ile ile huioni ilikokwenda. Unaongeza sauti. Mpiga gitaa wa ridhimu naye anaongeza, maana hajisikii. Mwimbaji anaomba maiki ipandishwe. Baada ya nusu saa masikio yanavuma na solo bado iko uvunguni.

Nimeishi na ugonjwa huu miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kilichonifumbua macho ni simu tu. Niliiweka katikati ya chumba cha mazoezi, nikarekodi kibao kizima, nikakisikiliza usiku. Mahali pa solo yangu palisikika kitu kama mtu anakwaruza bati, halafu kimya, halafu bati tena. Noti zenyewe, nilizozihangaikia wiki nzima, zilikuwa zimezama ndani ya kinanda.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila kitu ambacho wapiga gitaa hutumia ili solo itokeze: kucheza na volyumu ya gitaa lenyewe, kukanyaga busta (pedali ya kuongeza nguvu ya mlio) kabla ya distosheni (pedali inayoukwaruza mlio), kukanyaga busta au ikwalaiza (pedali ya kupandisha na kushusha besi, kati na trebo) baada ya distosheni, na kumwachia fundi mitambo anyanyue kule mezani kwake. Zote zinafanya kazi kwa mtu fulani mahali fulani. Kosa letu ni kununua ile iliyomfaa mwingine.

Kiasi gani kinatosha?

Kidogo kuliko unavyodhani. Kwa vibao vingi desibeli 3 hadi 6 juu ya kiwango cha ridhimu zinatosha kabisa. Ila kumbuka hesabu yake: kuongeza desibeli 3 kunahitaji nguvu maradufu kutoka kwenye amplifaya, na kuongeza desibeli 10, ambazo sikio huzihisi kama sauti imekuwa mara mbili, kunahitaji nguvu mara kumi. Kwa hiyo kama amplifaya yako ya wati 20 imeshabanwa kooni wakati wa ridhimu, hakuna pedali duniani itakayoipa solo nafasi. Utakanyaga, sauti itakunjamana, basi.

Ndiyo maana swali la kwanza huwa ni ridhimu unaipiga kwa kiwango gani, kabla hata hujagusa solo. Wengi tunapiga ridhimu kwa sauti ya solo, kisha tunashangaa solo haina pa kupanda.

Volyumu ya gitaa lenyewe

Hii ndiyo njia ya wazee, na haigharimu kitu. Ridhimu unaipiga volyumu ikiwa 6 au 7, solo ikifika unaifungua hadi 10. Jinsi itakavyojibu inategemea amplifaya yako inafanya nini, na hapa ndipo watu hupishana wakidhani wanazungumzia jambo moja.

Kama sauti yako ni safi, bila mkwaruzo, volyumu ya gitaa inafanya kile inachosema: ukiifungua, sauti inapanda kweli. Kama distosheni ni nzito, ukiifungua hupati sauti zaidi, unapata mkwaruzo zaidi, kwa sababu distosheni imeshakata vilele vyote vikawa na kimo kimoja. Kama amplifaya iko mpakani, yaani ukigonga taratibu inasema safi na ukigonga kwa nguvu inakwaruza, unapata vyote viwili kwa pamoja: sauti inapanda kidogo na inapata meno. Hapo mpakani ndipo njia hii ina raha yake. Jimi Hendrix aliitumia hivyo na Fuzz Face yake, pedali ya fazi, yaani ya mkwaruzo mzito, kwa volyumu ya gitaa tu. Lakini ukitaka fazi ya aina hiyo isafike unaposhusha volyumu, iwe ya kwanza baada ya gitaa. Ukiitangulizia pedali yenye bafa (saketi inayoimarisha mawimbi ya umeme ya gitaa), inagoma.

Kasoro ya kwanza utaisikia mara tu unaposhusha: gitaa linakuwa kama limefunikwa blanketi. Trebo inapotea, kwa sababu volyumu ikishuka ukinzani wake ukichanganyika na waya mrefu hupunguza masafa ya juu. Fundi anaweza kukuwekea kapasita ndogo ndani, kwa kawaida nanofaradi 1 pamoja na rezista ya kiloomu 150 hivi, ipitishe trebo wakati volyumu iko chini. Ni kazi fupi ya kulehemu. Mimi nimeiweka kwenye gitaa moja na kwenye lingine nimeacha, kwa kuwa lile la pili lina makali mengi na blanketi kidogo linalifaa.

Kasoro ya pili ni mkono. Kwenye gitaa la mtindo wa Stratocaster volyumu iko karibu na daraja. Kidole cha mwisho kinaifikia huku unaendelea kucharaza. Kwenye Les Paul iko mbali, lakini hilo gitaa lina volyumu mbili, na humo mna ujanja mzuri sana: pikapu (sumaku inayonasa mlio wa nyuzi) ya shingoni iweke 6 kwa ajili ya ridhimu, ya darajani iweke 10 kwa solo, kisha kazi yote ifanywe na swichi. Mguso mmoja wa kidole, uko kwenye solo.

Mimi nina kipande cha utepe mweupe kwenye volyumu, kimekaa usawa wa 6 na nusu. Gizani jukwaani namba hazisomeki, ila utepe mweupe unaonekana. Na bado kuna vibao ambavyo ridhimu inaungana na solo bila hata nusu pigo la kupumua. Pale mkono hauwahi.

Busta kabla ya distosheni

Hapa mguu unachukua kazi ya mkono. Unakanyaga pedali iliyo mbele ya distosheni, au mbele ya amplifaya ambayo yenyewe inakwaruza. Maarufu kuliko zote katika kazi hii ni zile za ukoo wa Tube Screamer ya Ibanez, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Wengi huziweka hivi: draivu (mkwaruzo) chini karibu na sifuri, leveli (sauti) juu. Pedali hizi hupunguza besi na kunyanyua masafa ya kati, kilele chake kikiwa karibu na Hz 720, yaani mitetemo 720 kwa sekunde.

Unachopata ni noti inayoshikilia muda mrefu, iliyokaza, isiyo na tope chini. Usichopata ni sauti kubwa. Hili ndilo linalowadanganya watu wengi dukani na chumbani: wanajaribu kwenye amplifaya safi, pedali inaruka juu, wanalipa. Wakifika kwenye bendi, amplifaya imeshawekwa mkwaruzo, wanakanyaga, na kinachoongezeka ni mlio wa kuzomea na filimbi ya spika pale wanaponyamaza. Ile distosheni inayofuata baada yake imeshafika darini. Ukiisukuma zaidi inazidi kujikunja.

Kwa hiyo ukiwa na tatizo la noti kufa mapema au kusikika kama uji, nunua hii. Ukiwa na tatizo la kutosikika kabisa, itakusaidia kwa kiasi tu, na msaada huo utatokana na yale masafa ya kati, wala siyo nguvu.

Busta au ikwalaiza baada ya distosheni

Pedali ile ile, ukiihamisha ikae baada ya distosheni, inakuwa mnyama mwingine. Mkwaruzo unabaki ulivyo, sauti yote inanyanyuka. Kama distosheni yako inatoka kwenye pedali na amplifaya ni safi, weka busta baada ya distosheni na kabla ya dilei (pedali ya mwangwi). Kama mkwaruzo unatoka kwenye amplifaya yenyewe, unahitaji amplifaya yenye lupu ya efekti, ile tundu mbili za nyuma, na busta inakaa humo. Amplifaya isiyo na lupu, na mkwaruzo wake ni wa ndani: njia hii imekufungia mlango, rudi kwenye volyumu ya gitaa.

Kati ya busta tupu na ikwalaiza, ningekushauri ikwalaiza, na sababu yake inarudi kwenye ile simu yangu na bati.

Uzi mnene wa gitaa ukiwa wazi una Hz 82. Uzi mnene wa besi una Hz 41, na mapacha wake wa juu, ile milio ya juu inayoambatana na noti, wanaanza pale pale lilipo gitaa. Uzi mwembamba wa gitaa kwenye freti ya 12 una Hz 659, na kwenye freti ya 24 ni kama Hz 1,319. Maana yake noti za solo nyingi, misingi yake, inaishi kati ya Hz 250 na 1,300, na mapacha wake wa juu wanaoipa sura wanafika Hz 3,000 na zaidi kidogo. Chini ya hapo ni nyumba ya besi na ngoma kubwa. Juu ya hapo matoazi yanatawala. Ukiongeza besi kwenye solo unagombana na mpiga besi, ukiongeza trebo kali unagombana na matoazi, na hao wawili hawashindiki.

Sasa angalia tunavyoweka sauti nyumbani. Tunashusha ya kati, tunapandisha besi na trebo, kwa sababu inapendeza. Inapendeza kwa sababu sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu husikia besi na masafa ya juu kabisa kwa shida. Fletcher na Munson walichapisha michoro ya jambo hilo mwaka 1933 na kanuni yake bado inasimama. Sauti ikiwa kubwa, sikio linajisawazisha, na kile ulichokiongeza nyumbani kinakuwa ziada, kile ulichokitoa kinakuwa shimo. Solo yangu ilikuwa imekaa ndani ya hilo shimo.

Ikwalaiza ya pedali inakuwezesha kuongeza sauti na kujaza shimo kwa mkanyago mmoja. Ile ya Boss, GE-7, ina vitelezi saba: Hz 100, 200, 400, 800, kisha 1,600, 3,200 na 6,400, na cha nane ni cha sauti yote, kila kimoja kikipanda au kushuka hadi desibeli 15. Kwa solo mimi huanza hivi: 100 nashusha 5, 200 nashusha 2, 400 nakiacha, 800 napandisha 4, 1,600 napandisha 3, 3,200 nakiacha au napandisha 1, 6,400 nashusha 2, na sauti yote napandisha 3. Mpangilio huu ukiusikiliza peke yake nyumbani ni mbaya. Unasikika kama gitaa linapigwa kupitia simu ya mezani. Kwenye bendi ndiyo gitaa lenyewe.

Kwa nini 6,400 kishuke? Kwa sababu baada ya distosheni kitelezi hicho kinanyanyua vumbi, ule mlio wa shhh, kuliko muziki. Na 3,200 nakigusa kwa woga kwa sababu huko ndiko konsonanti za mwimbaji zinakosikika, na ndiko sikio linakouma haraka. Wakati wa solo mwimbaji huwa kimya, kwa hiyo dirisha liko wazi. Lakini kama waitikiaji wanaendelea kuimba nyuma yako, usilipande.

Kasoro za njia hii zipo. Inagharimu, inahitaji umeme wake, na inahitaji amplifaya yenye nafasi ya kupumua. Tena mguu usahau kuizima siku moja: ubeti wa pili wote utaupiga kwa sauti ya solo na wenzako watakuangalia kwa jicho lile.

Kumwachia fundi mitambo

Kwenye jukwaa kubwa, ambako gitaa lako linafika kwa watu kupitia spika za ukumbi, huyu ndiye mwenye masikio sahihi. Wewe umesimama futi tano kutoka kwenye amplifaya yako, na huenda spika yake inakulenga magoti, kwa hiyo unasikia besi tu na unaongeza trebo mpaka walio mstari wa mbele wanakunja uso. (Inyanyue amplifaya juu ya kiti, au iinamishe ikuangalie usoni. Utashangaa ulivyokuwa ukiwatesa.)

Shida ni kwamba fundi asiyekijua kibao hajui solo inaingia lini. Siku moja yule aliyekuwepo alikuwa anahangaika na maiki ya mwimbaji. Alinyanyua gitaa langu kwenye baa (kipimo cha mapigo) ya tano ya solo ya baa nane, akalisahau hapo juu mpaka mwisho wa kibao. Sikumlaumu. Nilikuwa sijamwambia.

Na ukumbi ukiwa mdogo, ambako amplifaya yako inasikika moja kwa moja hadi mlangoni, mkono wake mezani haubadilishi mengi. Ukiamua kujinyanyua mwenyewe, mwambie mapema, na wakati wa kujaribu vyombo mpigie ridhimu kisha solo huku pedali imekanyagwa. Ukimpigia ridhimu peke yake, atakuja kuiona solo yako kama ajali na kuishusha, nawe utaongeza, naye atashusha.

Pikapu na toni

Hapa sitakaa sana. Pikapu ya shingoni ni nene na tamu, na kwenye bendi ya watu watatu, gitaa moja, besi na ngoma, inatosha kabisa. Ukiongeza kinanda na gitaa la pili, ile ya darajani inapenya vizuri zaidi. Punguza toni ya gitaa hadi 7 hivi itoe ile sindano. Nafasi za katikati kwenye Stratocaster, zinazochanganya pikapu mbili, ni nzuri kwa ridhimu kwa sababu ile ile inayozifanya mbaya kwa solo: kati kumebonyea.

Punguza mkwaruzo pia, utoe kama theluthi moja ya ule wa nyumbani. Mkwaruzo mwingi unalainisha mguso wa kwanza wa noti, na mguso huo ndio unaoliambia sikio kwamba hapa pana noti mpya. Ukitaka solo ionekane kubwa, dilei ya milisekunde 350 kwa sauti ya chini inafanya hivyo bila kuisukuma nyuma. Riverbu nyingi inaisukuma nyuma, na nyuma ndiko tulikotoka.

Wewe uchague ipi

Kabla ya kutoa pesa, zungumza na wenzako. Mwombe mpiga kinanda anyanyue mkono wa kushoto wakati wa solo, na wa ridhimu apige nyuzi tatu za juu au abane nyuzi kwa kiganja. Bendi yangu ilipofanya hivyo tulipata karibu nusu ya tulichokuwa tunakitafuta madukani.

Ukipiga gitaa safi, la solo zinazocheza juu ya ridhimu muda mrefu, huna haja ya busta ya mbele wala mkwaruzo. Volyumu ya gitaa 7 kwenda 10, na kama mkono hauwahi, ikwalaiza mwishoni mwa mnyororo. Kompresa iliyokazwa sana itakunyima hata hicho kidogo, kwa kuwa kazi yake ni kusawazisha sauti. Ilegeze, au iweke kabla ya kinachonyanyua.

Ukiwa na amplifaya ndogo ya mpakani na bendi ya watatu, baki na volyumu ya gitaa na uizoeze mkono. Hakuna pedali itakayokupa hisia ile.

Ukiwa kwenye bendi yenye magitaa mawili na kinanda, na mkwaruzo wako ni wa kati hadi mzito, ikwalaiza baada ya distosheni ndiyo fedha yako ya kwanza. Busta ya mbele iwe ya pili, kwa ajili ya kushikilia noti. Ukizikanyaga zote mbili kwa pamoja, punguza leveli ya ile ya mbele, vinginevyo ukinyamaza kati ya misemo miwili spika inaanza kupiga filimbi yenyewe.

Na kama unapiga na fundi yule yule kila wiki, anayevijua vibao vyenu, mwache afanye kazi yake. Mpe orodha yenye alama kwenye vibao vya solo, wewe shughulika na vidole.

Kwa kuanzia, weka simu pale watu wanaposimama, piga kibao chenye solo mara mbili: mara moja sauti yote ikiwa juu desibeli 3, mara ya pili sauti isipande hata moja, ila Hz 800 na 1,600 zikiwa juu 4. Sikiliza kesho yake asubuhi, masikio yakiwa yamepumzika, tena kwenye spika ya simu yenyewe. Mimi nilitegemea ile ya kwanza ishinde. Mpiga besi wetu, ambaye sikumwambia ipi ni ipi, aliniuliza kwenye ya pili nimenunua amplifaya gani.